Butoni nyekundu iwe karibu na mukono

Tuko na yaya mumoja mu kartier yetu mwenye kusalimia watu na mukono wa kushoto. Wasiomujua wanakasirikaka, wanawaza anawazarau. Sisi tunajua sababu. Zamani alikuwa anatumika ku mukanda wa kubeba mawe, mahali tusipotaja leo. Siku moja jiwe likakwama kati ya mukanda na rulo. Akanyoosha mukono kulitoa, namna alikuwa amefanya mara nyingi, na namna wenzake wote walikuwa wanafanyaka. Mukanda ukashika ganti, ganti ikavuta mukono. Mwenzake akasikia kelele, akakimbia kuzima mashini.

Kisha miaka mingi tulimuuliza: "Yaya, butoni ya kuzima haikukuwako?"

Akacheka kidogo. "Ilikuwako," akasema. "Ilikuwa nyekundu, mupya, ya muzuri. Lakini ilikuwa kulee, ku nguzo. Hatua kumi na moja. Miye mwenyewe nilizihesabu kisha."

Ni juu ya zile hatua kumi na moja tunaandika leo. Mu inchi mingi siku hizi, mahali panapotumikwa takataka na masalio, kuko mashini zinazoweza kuzimwa bila kukimbia: mutumikaji anavaa butoni ku mwili wake, na inatuma ujumbe kwa radio, bila waya. Watu wanaiita butoni ya hatari isiyo na waya. Tunataka jamaa za wachimbaji zijue inatumika namna gani, inaokoa nani, na wapi inaweza kudanganya watu.

Masalio imekuwa kazi

Kwetu takataka haiko maganda ya ndizi peke yake. Takataka yetu kubwa ni ya madini. Mutu akiingia Lubumbashi, anaona kwanza shimini ya fonderi na kando yake terili, ule mulima mweusi. Fonderi ilianza kuyeyusha shaba mu mwaka wa 1911, na mulima ule umefanywa na masalio yaliyomwangwa pale miaka na miaka. Wazee wetu waliyaona kuwa uchafu. Kisha watu wenye elimu wakapima, wakakuta mule ndani mungali shaba, kobalti na zinki. Tangu hapo mulima unachimbwa tena. Kule Kolwezi ni vile vile: masalio ya Kingamyambo, yale tunayoita rejets, yalianza kutumikwa tena mu 2018 juu ya shaba na kobalti.

Maana yake ni hii: mahali pa kutupa pamekuwa mahali pa kazi. Na ile kazi iko na mashini zake: mashini ya kupakiza, motoka kubwa zinazorudi nyuma kumwanga muzigo, konkasere ya kuvunja mawe, mashini ya kuchekecha, na mikanda mirefu ya kubeba.

Mashini hizi ziko na tabia moja: hazikai mahali pamoja. Mulima ukipunguka upande huu, mukanda unasogezwa upande ule. Mashini ya kuchekecha inavutwa. Njia ya motoka inabadilika. Mu fabriki ya ndani, butoni inawekwa ku ukuta na ukuta haukimbii. Ku mulima wa masalio hakuna ukuta. Njo maana butoni inabakiaka ku nguzo, na mutu anatumika mbali nayo.

Kamba na waya

Tuseme ukweli: kuko dawa ya zamani, na ni dawa ya muzuri. Ni kamba ya kuvuta, inayopita kando ya mukanda wote. Mutu akianguka ao akishikwa, anavuta kamba mahali popote, na mukanda unasimama. Kama mu kazi yenu mukanda hauna kamba ile, ombeni kamba kwanza mbele ya kuomba kitu cha radio.

Lakini kamba na waya viko na adui wengi ku mulima wa masalio. Gurudumu la motoka linapita juu ya waya. Mawe yanaanguka juu ya kamba, inalegea. Mukanda ukisogezwa, kamba inapaswa kufungwa upya, na siku ile mutu wa umeme hayuko. Na waya ya shaba, kila mutu anajua, usiku inaweza kupata miguu.

Butoni ya hatari iliyofanywa vizuri, waya yake ikikatika, mashini inasimama yenyewe. Ni kanuni. Lakini sasa mashini inasimama mara tatu kwa siku, shefu anapiga makelele, tani hazitoki. Njo hapo mutu mumoja anachukua kipande cha waya, anaunganisha huku na huku ndani ya kisanduku, mashini inaanza kutembea siku zote. Wanaita ile "kupiga ponti". Kuanzia siku ile butoni nyekundu ni mapambo tu. Unaweza kuifinya na mikono miwili, mukanda unaendelea. Na kijana aliyeingia kazi juzi hajui.

Kimya maana yake simama

Sasa tueleze ile ya radio. Kuko vitu viwili. Cha kwanza ni kidogo, kinaenea mu mukono ao kinafungwa ku mushipi. Kiko na butoni nyekundu na betri. Cha pili ni kisanduku kilichofungwa ku mashini yenyewe, mahali umeme unapita.

Wengi wanawaza kile kidogo kinalala kimya, kisha siku ya hatari mutu anafinya na kinatuma ujumbe "simama". Kama kingekuwa vile, kingekuwa kitu cha hatari. Siku ya hatari betri ingeweza kuwa imekufa, ujumbe ungekosa njia, na mashini ingeendelea.

Kile cha muzuri kinafanya kinyume. Kinasema bila kuchoka, mara nyingi kila sekunde: "Niko hapa, mambo iko sawa. Niko hapa, mambo iko sawa." Kisanduku cha ku mashini kinasikiliza. Mutu akifinya butoni, mashini inasimama. Na kama kisanduku hakisikii kitu kwa muda mufupi uliopangwa, hakiulizi sababu. Kinakata. Betri imekufa? Mashini inasimama. Kile kidogo kimevunjika mu maanguko? Mashini inasimama. Mutu amekwenda nyuma ya mulima mahali radio haifike? Inasimama.

Tufikirie sentineli aliyeambiwa kugonga chuma kila kisha dakika kumi usiku muzima. Tajiri analala vizuri juu anasikia chuma. Ile saa chuma hakilie, anaamuka. Hangoje sentineli aje kumuambia "nimeshikwa", juu aliyeshikwa hawezi kuja. Ku butoni ya radio pia, kimya chenyewe kinatosha kusimamisha mashini.

Ndani ya kile kisanduku kuko tena njia mbili za kukata umeme, na moja inachunguza ingine. Moja ikishikamana juu ya moto ao vumbi, ya pili inakata. Na kila butoni iko na namba yake ya siri, ili ya ekipe ingine isizime ao isiamushe mashini yenu.

Kuko kanuni za kimataifa ambazo delege wa kazi anaweza kuzitaja bila haya. ISO 13850 inasema namna butoni ya hatari inapaswa kuwa: nyekundu, nyuma yake manjano, ikifinywa inabakia imefinywa, na kuifungua hakuamushe mashini, paka mutu aamushe kwa kusudi. IEC 62745 inahusu mashini zinazoongozwa bila waya. Muuzaji akishindwa kuonyesha karatasi za kanuni hizi, anauza kitu cha kufungulia garaji.

Nani anavaa

Swali la kwanza la kuuliza haliko bei. Ni hili: nani anavaa? Tumeshaona tabia ya kazi zetu: kitu cha mupya kinakwenda kwanza kwa wakubwa. Lakini mwenye kuongoza mashini yuko mu kabini, butoni iko mbele yake. Mwenye hatari ni ule anayefagia chini ya mukanda, ule anayeosha tope ku konkasere, ule anayesimama ku ukingo wa mulima kuonyesha motoka inaporudi nyuma. Mara nyingi ni journalier, hana hata kasiye ya nguo. Yeye njo anapaswa kuvaa.

Wakiwa wanne, wavae wanne, na wa kwanza kufinya asimamishe mashini kwa wote. Mashini isikubali kuamuka paka kila butoni iliyofinywa imefunguliwa na mwenyewe, na kapita amehesabu watu na macho yake. Na zile butoni za waya zilizo ku mashini zisitolewe. Ile ya radio inaongezwa tu juu yake.

Kuko na mutego mumoja. Butoni ya radio iliyozimwa, ao yenye betri ya kufa, ingali nyekundu. Ikiachwa juu ya meza ao ikining'inia ku msumari, mutu mwenye woga anaweza kuikimbilia na kuifinya bure. Kwa sababu hii zile za muzuri ziko na taa inayowaka wakati ziko na nguvu kweli, na zile zisizotumika zinafungiwa mu kabati. Tafazali, kuikuta imelala ovyo ku chantier kusichukuliwe kuwa jambo dogo.

Mita tatu

Hapa tunaomba wasomaji watupatie masikio yote mawili, juu njo hapa watu wanadanganyika.

Tuhesabu pamoja. Mukanda unatembea mita 2 kwa sekunde. Mukono wa mutu unashikwa. Kama butoni iko ku nguzo na mwenzake anatumia sekunde 4 kukimbia, mukanda umeshatembea mita 8 mbele ya kufinywa. Sasa tuchukue butoni ya mushipi. Mutu anashituka, anatafuta, anafinya: sekunde 1, mita 2. Mukanda hausimami kama kuku aliyekatwa shingo; unatembea tena kidogo juu ya uzito wake. Tuseme sekunde 1 ingine, unapunguka pole pole: mita 1 tena. Jumla mita 3.

Mita 3 ni kidogo kuliko 8. Inaweza kuwa tofauti kati ya mutu aliye ku lupitali na mutu aliye ku kaburi. Lakini mukono wa mutu hauna mita 3. Butoni inaokoa maisha. Mukono, si kila mara.

Njo maana butoni ya hatari haiko ruhusa ya kuingiza mukono. Kutoa jiwe, kusafisha rulo, kubadilisha kitu, kuko njia moja tu: kuzima, kukata umeme ku kabini ya umeme, na kila mutu anayeingia kufunga kadena yake. Kila mutu, kadena yake. Funguo mu mufuko wake, haiko kwa shefu. Watu wanne, kadena nne. Kisha mutu anajaribu kuamusha mashini ili kuona kama imekufa kweli. Na hata hapo anakumbuka kwamba mukanda wenye muzigo ku mupando unaweza kurudi nyuma wenyewe, na jiwe lililokwama linashika nguvu kama kamba ya upinde: ukilitoa, mukanda unaruka.

Kufinya butoni kisha kuingia ku mashini, ni sawa kulala mu nyumba yenye mulango uliosukumwa tu. Kadena njo inafunga.

Kuko tena hatari ambazo butoni haizijui. Mulima wa masalio ukiteleza, hausikii radio. Ukingo ukibomoka chini ya gurudumu, kufinya hakuurudishe. Na kuko watu wasiovaa kitu: wale mama na vijana wanaookota mawe ku masalio alfajiri, nyuma ya mashini ya kupakiza. Mashini haiwajue. Kwao dawa ni njia zilizogawanywa, mutu wa kuangalia, na kampuni kukubali kwamba wale watu wako pale, mbele ya kuamusha moteri.

Radio na mulima

Radio pia iko na magumu yake. Chuma kingi kinakata mawimbi. Mulima ukisimama kati ya mutu na mashini, ujumbe haupite. Mu mvua ya kwetu, mu tope, kitu kisichofungwa vizuri kinaingiza mayi. Betri inachoka, zaidi mahali umeme wa kuichaji unakuja na kwenda.

Kwa sababu kimya kinasimamisha mashini, magumu haya hayaue mutu, yanaua tani. Na tunajua kile kinachofuata: mutu ataleta kipande cha waya. Ponti ya waya iliua butoni ya zamani, na itaua ya radio vile vile. Dawa ni kazi ya pole pole: kupima mahali radio inafika na mahali haifike, kila mara mashini ikisogezwa, kuweka antene juu, kuwa na betri mbili kwa kila butoni, moja ikitumika, ingine ikichajiwa, na kujaribu kila butoni mwanzo wa kila zamu, mashini ikitembea bila muzigo. Kufinya, kuona mukanda unasimama, kuandika mu kitabu. Ni dakika chache. Kitabu kikikosa kuandikwa siku tatu, muulize.

Na mawimbi yenyewe yako na mwenye kuyapanga mu inchi, ni ARPTC. Kampuni ikileta vitu vya radio bila kufuata utaratibu wake, iko hatari mitambo miwili kusema ku njia moja na kusumbuana.

Woga wa kufinya

Tumemaliza na mitambo. Sasa tuseme juu ya mutu.

Wachimbaji wengi tunaozungumuza nao hawaogopi mashini sana kama wanavyoogopa kuisimamisha. "Nikifinya na haikukuwa kitu, watanifukuza." Njo maneno ile. Kijana anaona kitu kibaya, anaangalia shefu, anaangalia saa, anawaza nyumba ya kulipa na masomo ya watoto. Zile sekunde zinapita. Butoni iko ku mushipi wake, lakini iko mbali tena, hatua kumi na moja ndani ya kichwa.

Hakuna radio inayoponya ile. Kinachoponya ni neno moja la kampuni, linalosemwa mbele ya ekipe yote na kushikwa: mwenye kufinya kwa nia njema haulizwe juu ya tani. Anaulizwa aliona nini. Siku ya kwanza mutu atafinya bure, macho yote yatamwangalia shefu. Akitukana, kitu kile cha feza mingi kimekufa siku ile ile. Akisema "Asante, tuangalie pamoja," kimezaliwa.

Sheria iko upande wenu. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka kuwe komite ya usalama na usafi ku kazi; mahali pa kupeleka maneno haya ni pale, kupitia delege. Na Mukataba namba 176 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka wa 1995, unaohusu usalama mu migodi, unaandika kwamba mutumikaji aliye na sababu ya kuona hatari kubwa anaweza kutoka mahali pale. Delege ausome na kuujua.

Maneno ya jioni

Kwa mama na watoto, tunaomba kitu kimoja. Baba akirudi kazi, tunamuulizaka kama mushahara umetoka. Muulizeni tena maulizo haya:

Ku kazi yako, butoni iko hatua ngapi na mahali unasimama? Leo asubuhi nani aliijaribu? Uko na kadena yako, na funguo iko mu mufuko wa nani? Siku ile mutu alifinya, shefu alisema nini?

Kama anajibu bila kufikiri, mulale vizuri. Kama ananyamaza, kumbukeni kwamba ku mashini kimya maana yake simama. Kesho akutane na delege mbele ya kuingia kazi.

Yaya wetu tulimusomea maneno haya mbele ya kuyapeleka ku gazeti. Alisikiliza yote, kisha akatuomba kuongeza kitu kimoja: zile hatua kumi na moja alizihesabu siku aliyorudi kuomba karatasi zake. Anataka vijana wahesabu mbele, siku ya kwanza ya kazi, mikono ingali miwili.